Zapier, Make au AppSheet? Swali lenyewe limekaa upogo

Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza: "Kaka, nataka kuachana na daftari. Nichukue Zapier au AppSheet?" Siku hizi wamo pia wanaouliza habari za Airtable, Bubble, n8n na zile za Microsoft. Huwa namrudishia swali: sufuria na jiko, kipi bora? Anacheka, halafu ananyamaza kidogo.

Zana hizi, zote za kujijengea mfumo wa kazi kwenye simu au kompyuta bila kuwa fundi wa programu, zinatajwa kwa pumzi moja kana kwamba zinafanya kazi moja, na makampuni yenyewe hayasaidii, kwa sababu kila moja inajinadi kuwa inaweza kila kitu. Ili tusipotee, nitalitumia duka moja la gesi ya kupikia la hapa Dar es Salaam nililolisaidia kuhama kwenye daftari. Mteja anapiga simu au anatuma ujumbe WhatsApp: "Niletee gesi ndogo." Dada wa kaunta anaandika jina, mtaa, na kama ni mtungi wa kilo 6 au wa 15. Bodaboda anaupeleka, anarudi na mtungi mtupu. Mteja analipa taslimu au kwa simu. Jioni mwenye duka anajumlisha na hesabu haikai: kuna mtungi umetoka hauna jina, na kuna muamala umeingia kwa jina la mume wakati oda iliandikwa kwa jina la mke.

Ndani ya safari hiyo fupi mna kazi tatu. Kuna ghala, pale kumbukumbu zinapokaa. Kuna kaunta, yaani sura ambayo mtu anaiona na kubonyeza anapoingiza oda au kuthibitisha kwamba mtungi umefika. Na kuna tarishi. Waliowahi kufanya kazi maofisini wanamkumbuka: anachukua faili kwenye meza hii na kulipeleka meza ile, haamui lolote, ila asipokuja kazini ofisi nzima inasimama.

Google Sheets, Excel na Airtable asili yake ni ghala. AppSheet na Power Apps ni kaunta. Zapier, Make, n8n na Power Automate ni matarishi. Bubble ni kaunta na ghala vilivyojengwa pamoja, nyumba ileile. Mipaka imeanza kuvurugika: Airtable sasa ina kurasa za kubonyeza na tarishi wake wa ndani, AppSheet nayo inaweza kutuma barua pepe yenyewe, na Zapier imeongeza majedwali. Hata hivyo kila moja bado hutembea vizuri zaidi kwa mguu iliozaliwa nao, na ukijua ni kazi ipi kati ya tatu inayokuumiza, orodha ya zana za kulinganisha inapungua kutoka kumi hadi mbili au tatu.

Pale dukani tulianza na ghala, na kilichotukwamisha siku ya kwanza kilikuwa sifuri. Dada wa kaunta anaandika namba ya simu inayoanza na 0754, jedwali linaona tarakimu tupu, linadhani ni hesabu, linakata sifuri ya mbele. Namba zilizoanza na 255 Excel ikazifupisha kuwa 2.56E+11. Ukija kumtuma tarishi apeleke meseji kwenye namba kama hiyo, hafiki kokote. Dawa ni ndogo: kabla ya kuingiza chochote, iambie safu nzima ya simu kwamba ni maandishi. Namba ya simu hakuna atakayeijumlisha wala kuizidisha. Ni jina la mtu lililoandikwa kwa tarakimu.

Tarehe nazo zikafuata. Jedwali lilikuwa limefunguliwa kwa mpangilio wa Marekani, kwa hiyo 3/4, ambayo kwetu ni tarehe tatu Aprili, ikasomwa kuwa Machi 4. Na 13/4, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, ikaachwa kama maandishi tu. Jumla ya mwezi ikawa na siku zilizohamia mwezi mwingine na siku zisizohesabika kabisa. Mwenye duka aliamini kwa siku mbili kwamba ameibiwa.

Asicheke mtu. Mwaka 2020 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza, Public Health England, ilikuwa ikipitisha majibu ya vipimo vya korona kwenye mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani, ule unaokomea mistari 65,536. Mistari ikajaa, iliyozidi ikaachwa nje bila kengele yoyote kulia. Wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye takwimu za kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, na kuwafuatilia watu waliokuwa karibu nao kukachelewa. Hiyo ni nchi tajiri, ina wataalamu wa kutosha.

Je, jedwali linatosha? Kwa duka kama lile, ndiyo, tena kwa muda mrefu. Google Sheets inabeba hadi visanduku milioni 10. Airtable inapendeza zaidi na inakulazimisha uwe na nidhamu, lakini mpango wake wa bure unaishia rekodi 1,000 kwa kila ghala. Duka linalopata oda 40 kwa siku linalijaza kwa siku 25. Muhimu kuliko jina la zana ni kutenganisha wateja na oda. Kwenye daftari Mama Aisha anaandikwa upya kila anapoagiza, mara "Mama Aisha", mara "M/Aisha", mara "mama aisha Sinza". Ukiwa na jedwali la wateja peke yake na jedwali la oda linalomtaja mteja kwa namba yake ya mteja tu, mke na mume wanaweza kuwa kaya moja yenye simu mbili, na ule mkanganyiko wa jioni unaisha wenyewe. Zana ya bei mbaya haiwezi kukufanyia kazi hiyo kama hujaifikiria.

Kaunta sitakawia nayo. Swali linaloamua ni: anayebonyeza yuko wapi, na ana mtandao? Bodaboda wetu akiwa kwenye kona za Kinondoni au ameishiwa bando, apu inayotaka intaneti muda wote inamwacha na kioo kinachozunguka. AppSheet inahifadhi alichobonyeza kwenye simu na kukipeleka baadaye mtandao ukirudi. Kwa kukusanya takwimu vijijini, familia ya zana za ODK, iliyoanzia University of Washington mwaka 2008, pamoja na KoboToolbox, zimejengwa kwa hali hiyohiyo. Power Apps inaeleweka kama ofisi yako tayari inalipia Microsoft 365. Jihadhari tu, viunganishi vingine, yaani njia za kuifikia data iliyo kwingine, kama kile cha hifadhidata ya SQL Server, vinadai leseni ya juu zaidi, na watu hugundua wakiwa wameshajenga nusu. Bubble ni ya mtu anayetaka kuuza huduma kwa umma kwenye tovuti, wateja wajisajili wenyewe. Kumjengea bodaboda wanne ukurasa kwa Bubble ni kukodi lori la kubebea mkaa wa debe moja.

Na mteja wako je, anahitaji apu? Kwa kawaida hahitaji. Ana WhatsApp, au ana kitochi. Mwache hukohuko alikozoea.

Sasa tarishi, ambako fedha hupotelea.

Kwanza elewa anavyopata habari. Kuna tarishi wa hodi na tarishi wa kengele. Wa hodi anakwenda ghalani kila baada ya muda, tuseme kila dakika 15, anabisha: kuna jipya? Hakuna. Anarudi. Wa kengele anakaa, na jambo likitokea ghala lenyewe linampigia. Kwenye zana nyingi kengele hiyo utaikuta chini ya neno Webhooks. Tofauti yake dukani si ya kitaalamu hata kidogo: mteja ameagiza gesi na maharage yako jikoni. Kwa hodi ya dakika 15, bodaboda anaweza kupata oda robo saa baadaye, na mteja ameshapiga simu duka la jirani.

Pili, kila kampuni inahesabu kitu tofauti, ndiyo maana kulinganisha bei zao juujuu ni kulinganisha kilo na lita. Chukua oda 40 kwa siku, siku 26 za kazi. Hizo ni oda 1,040 kwa mwezi. Kila oda ina hatua nne: oda mpya inaonekana, mteja anatafutwa kwenye jedwali la wateja, bodaboda anatumiwa meseji, mteja naye anatumiwa meseji.

Zapier haihesabu kianzio, yaani ile hatua ya oda mpya kuonekana; inahesabu kila tendo linalofuata likifanikiwa. Matendo matatu mara 1,040 ni 3,120. Mpango wake wa bure una 100 kwa mwezi, yaani oda 33, hata siku moja haiishi.

Make inahesabu kila hatua, pamoja na kianzio. Siku hizi wanaita krediti, na hatua ya kawaida ni krediti moja. Ukitumia kengele, ni 4 mara 1,040, yaani 4,160. Ukitumia hodi ya kila dakika 15, tarishi anabisha mara 96 kwa siku, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, na kila hodi inahesabiwa hata akikuta patupu. Kwa siku 30 ni hodi 2,880, ongeza yale matendo 3,120, unapata 6,000 kamili. Karibu nusu ya unacholipia ni hodi tu, na nyingi tarishi anarudi mikono mitupu. Mpango wa bure una 1,000. Hata hivyo, kwa wingi uleule wa kazi Make kwa kawaida hutoka nafuu kuliko Zapier, kwa sababu kila kizio chake kina bei ndogo. Kinachoumiza ni kutojua kinachohesabiwa.

n8n, iliyoanzishwa Berlin mwaka 2019 na Jan Oberhauser, kwenye huduma yao ya kulipia inahesabu safari nzima kuwa moja, iwe na hatua nne au arobaini. Kwetu ni 1,040. Na ukiiweka kwenye seva yako mwenyewe, yaani kompyuta inayowaka muda wote, kwa matumizi ya ndani ya biashara yako, hulipi leseni. Watu husikia "bure" wakasahau kwamba seva inalipiwa kila mwezi, inahitaji kusasishwa, na siku ikizima saa tano usiku fundi ni wewe. Kama huna mtu wa namna hiyo, usijipe n8n kwa sababu ya bei.

AppSheet nayo inahesabu vichwa. Mpango wake wa kuanzia ni dola 5 kwa mtumiaji kwa mwezi; bodaboda wanne, dada wa kaunta na mwenye duka wanafika dola 30, oda ziwe kumi au elfu. Kwa hiyo duka lenye watu wachache na oda nyingi linapendelea anayehesabu vichwa, na shirika lenye watu mia wanaojaza fomu moja kwa mwezi linapendelea anayehesabu kazi. Ukitaka jibu la haraka la "ipi nafuu", fanya hesabu hii kwa namba zako. Ni dakika kumi na kalamu.

Halafu kuna saa. Mwenye duka alitaka ripoti ya mauzo imfikie saa mbili usiku. Kijana wake aliyekuwa akiweka mipangilio akaandika 2:00. Simu ikalia saa nane usiku, mzee akadhani kuna msiba. Tarishi anafuata saa ya Kizungu, na si lazima iwe ya Dar es Salaam: n8n ukiiweka kwenye seva yako bila kugusa mipangilio, inafuata saa za New York. Kazi uliyoipanga saa mbili asubuhi inafanyika huku kwetu saa tisa alasiri, na wenzetu wakirudisha saa nyuma wakati wa baridi, inahamia saa kumi. Andika Africa/Dar_es_Salaam kwenye mpangilio unaoitwa GENERIC_TIMEZONE, au Africa/Nairobi. Saa ni ileile.

Kosa langu mwenyewe nalo nilitaje. Nilimpanga tarishi hivi: mstari wowote ukiongezwa au ukibadilishwa kwenye jedwali la oda, mtumie mteja meseji, kisha andika "imetumwa" kwenye mstari huo. Msomaji makini ameshaona. Kuandika "imetumwa" ni kubadilisha mstari. Tarishi akauona umebadilika, akatuma tena, akaandika tena. Mteja mmoja wa Mwenge alipata "Gesi yako iko njiani" mara tisa kabla sijazima, na alipopiga simu hakuwa na hasira. Aliuliza kama tunamletea mitungi tisa. Tangu hapo kila mtiririko wa kazi ninaomjengea tarishi unaanza kwa sharti: kama safu ya "imetumwa" ina neno, simama. Na ninaujaribu kwa namba yangu mimi, si ya mteja.

Malipo ndiyo sehemu pekee niliyokataa kumwachia tarishi. Kenya wana njia iliyonyooka: Safaricom walifungua Daraja, mlango wa kuunganisha mifumo ya watu na M-Pesa, mwaka 2017, jina lililopewa kwa haki, na mwenye namba ya biashara ya kupokelea malipo, Paybill au Till, anaweza kuunganishwa ili mfumo wake upokee taarifa ya kila malipo moja kwa moja. Hata hapo, taarifa moja inaweza kuja mara mbili, au isije. Kwa hiyo ufunguo ni namba ya muamala: ikionekana mara ya pili, mfumo uikatae. Duka letu halikuwa na muunganisho wowote. Lilikuwa na simu ya mwenye duka inayopokea meseji. Vijana wa mjini watakuonyesha ujanja wa kunasa meseji hizo na kuzimwaga kwenye jedwali, na unafanya kazi mpaka siku meseji feki inaponaswa pamoja na za kweli. Kwa hiyo kwetu dada wa kaunta anaangalia salio, anaandika namba ya muamala kwenye apu kwa mkono, jedwali linakagua kama imeshatumika. Inamchukua sekunde chache kwa kila oda, na siku ileile ya kwanza ilikamata muamala mmoja uliotumika kulipia mitungi miwili.

Ukishakusanya majina, mitaa na simu za watu, tayari unabeba dhamana ya kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Na uvujaji kwenye zana hizi huwa wa kizembe, mlango umeachwa wazi tu. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya UpGuard ilitangaza kwamba rekodi milioni 38 za mashirika mbalimbali, zikiwemo za serikali za majimbo Marekani, zilikuwa zinasomeka na yeyote kupitia kurasa zilizojengwa kwa Power Apps. Mpangilio wa kuzifunga ulikuwepo, ila haukuwa umewashwa tangu mwanzo. Microsoft waliubadilisha baadaye. Kwenye Google Sheets mlango huo unaitwa "yeyote mwenye kiungo". Nenda ukaangalie jedwali lako sasa hivi, nakusubiri.

Kisha angalia njia ya kutokea. Januari 2020 Google walitangaza kununua AppSheet, na mwezi huohuo wakatangaza kwamba App Maker, zana yao wenyewe ya kujengea apu, itafungwa. Ilifungwa Januari 2021. Bubble walipobadilisha namna ya kutoza mwaka 2023, wajenzi walipiga kelele, lakini wengi hawakuwa na pa kwenda, kwa sababu ulichojenga Bubble hakitoki Bubble. Data unaipakua, programu yenyewe inabaki. FlutterFlow, zana nyingine ya kujengea apu, inakuruhusu kuondoka na msimbo wako, yaani maandishi yanayoiendesha programu. Mitiririko ya Zapier haihamii Make, unaijenga upya. AppSheet ikifa leo, angalau jedwali lako liko palepale kwenye Google Sheets.

Duka lile mwishowe lilikaa na Google Sheets kama ghala, AppSheet mikononi mwa bodaboda, na ripoti ya jioni inayotumwa na Apps Script, zana ya Google ya kuandikia programu fupi, ambayo inakuja na akaunti ya Google bila malipo ya ziada. Ina mipaka yake: haikimbii zaidi ya dakika 6 kwa mara moja, na akaunti ya kawaida haitumi barua pepe kwa zaidi ya wapokeaji 100 kwa siku. Ripoti moja kwa mtu mmoja haiwezi kufika huko. Msimbo wake ulikuwa mistari isiyozidi thelathini, na leo ukiiomba akili mnemba itakuandikia wa namna hiyo ukiwa bado unakoroga chai. Kuusoma ni juu yako.

Ilikwenda vizuri hadi kijana wa mwenye duka alipoondoka kwenda chuo. Jumatatu moja ripoti haikuja. Tulikagua jedwali, tukakagua msimbo, tukakagua bando. Kumbe mfumo mzima ulikuwa umesajiliwa kwa Gmail yake binafsi, na alipokuwa akisafisha akaunti yake bwenini aliona ruhusa asiyoikumbuka, akaiondoa. Tulifungua akaunti ya duka, tukahamishia jedwali, apu na msimbo huko. Mwenye duka akaandika kwenye karatasi moja ni zana ipi inafanya nini, inalipiwa tarehe ngapi na kwa kadi ya nani. Nywila hazimo. Karatasi ameibandika ndani ya mlango wa kabati la risiti.